Arctic P12 PWM PST: feni ya bei nafuu inayodai ufungaji makini

Kwa anayetaka kupoza kasha la kompyuta bila kutumia fedha nyingi, feni hii ya milimita 120 ndiyo ya kwanza kuitazama, hasa ile pakiti ya tano. Kasi yake ni kuanzia mizunguko 200 hadi 1,800 kwa dakika. Mapanga yake matano ni mapana, na msukumo wake una nguvu ya kupenya chujio la vumbi na matundu madogo ya mbele ya kasha, mahali ambapo feni nyingi za bei hii hulegea. Haina taa, kwa hiyo haina nyaya za ziada.

Soma boksi vizuri kabla ya kulipa. Ipo P12 ya pini tatu, ambayo kasi yake hupunguzwa kwa kushusha volti, na ipo P12 Max inayofika mizunguko 3,300, ambayo kwa kasha la nyumbani ni nguvu usiyoihitaji. Unayoitaka ni yenye maandishi PWM PST: PWM ni kudhibiti kasi kwa mawimbi ya umeme bila kushusha volti, na PST ni kugawana mawimbi hayo kati ya feni. Plagi yake ya pini nne ina tundu la kupokea plagi ya feni inayofuata, basi unaziunganisha kwa mnyororo na kutumia tundu moja tu la mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Tundu hilo kwa kawaida hutoa hadi ampea 1, na feni tano za aina hii hazifiki hapo. Ila mazabodi itasoma kasi ya feni moja tu ya mnyororo. Nyingine ikikwama hutapata onyo lolote, kwa hiyo zitazame kwa macho mara kwa mara.

Kununua tano si lazima ufunge tano. Kasha la kawaida linatosheka na mbili mbele zinazoingiza hewa na moja nyuma inayoitoa. Hewa hutoka upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Upande ulio wazi ndio unaovuta. Ukiongeza ya nne, iweke juu kwa nyuma. Ukiiweka juu kwa mbele, itanyonya hewa baridi na kuitupa nje kabla haijaifikia prosesa, na hilo ndilo kosa linaloonekana sana kwenye makasha yenye feni nyingi. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi hubaki kwenye chujio badala ya kuvutwa kupitia kila upenyo. Chujio likiziba, faida hiyo inapotea: lioshe kwa maji na lirudishe likiwa kavu kabisa.

Kama uso wa mbele wa kasha ni kioo kizima, usikimbilie kuongeza feni. Utoe uso huo, endesha mchezo mzito kwa nusu saa, kisha linganisha joto la kadi ya michoro. Likishuka kwa nyuzi kadhaa, tatizo ni kasha.

Sasa kelele, na hapa P12 ina dosari yake inayojulikana: kati ya mizunguko 900 na 1,100 hivi huvuma kwa sauti nzito inayosikika hata kama feni haiko kasi. Skrubu zinazokuja nayo huupeleka mtetemo huo moja kwa moja kwenye bati, kwa kuwa fremu haina raba kwenye kona. Nunua pini za raba, nne kwa kila feni. Zivute hadi kichwa kitokeze, na usikate mkia mpaka uhakikishe feni imekaa upande sahihi. Ukitumia skrubu, kumbuka ndizo zinazochonga njia yake kwenye plastiki: ziingize zikiwa wima, ukifuata kona zinazotazamana kimshazari, na uache kukaza pale zinapogusa bati. Kukaza kupita kiasi hupinda fremu, na mvumo unaongezeka.

Tiba ya pili iko BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya mazabodi. Kasi ikishuka nusu, hewa hupungua nusu, lakini kelele yake hushuka takriban desibeli 15. Kuongeza feni nyingine kama hiyo kwa kasi ileile huongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni tatu za polepole ni bora kuliko mbili zinazokimbia. Zipange zikae kwenye mizunguko 800 hadi prosesa ifike nyuzi 60, kisha zivuke eneo la mvumo kwa mpando mkali hadi 1,200 kwenye nyuzi 63. Weka na ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, maana joto la prosesa hurukaruka, na bila hivyo feni zitapanda na kushuka ovyo. Fuata mizunguko inayosomeka, si asilimia ya kasi unayoiweka BIOS.

Asiyevumilia mvumo kabisa atafute Noctua NF-A12x25, inayokuja na raba zake boksini, lakini kwa bei ya moja utapata P12 kadhaa. Kwa kompyuta ya kazi na michezo ya kawaida, P12 iliyofungwa hivi inatosha. Ukiisafisha kwa bulowa, shika mapanga yasizunguke, kwani upepo ule huyazungusha kupita kasi yake na kuumiza beringi.