TURP ya mzee: nyota 4 kati ya 5

Mzee wetu kafanyiwa TURP, ile ya kukwangua tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo, hakuna kidonda nje, alichomwa sindano ya mgongo tu na muda wote anapiga stori na nesi. Baba mdogo yeye tezi yake ilishapita gramu 80 so wakampasua chini ya kitovu, akakaa na mpira wa mkojo zaidi ya wiki na kukohoa ilikuwa kazi kwelikweli. Mzee mpira wake ulitoka mapema, mkojo siku ya kwanza mwekundu kama juisi ya rosela, msiogope, maji ya kusafisha kibofu yanaendelea kupita mpaka unakuwa mweupe.

Hizi njia mpya, Rezum ya mvuke na UroLift ya kuivuta tezi pembeni kwa vipini vidogo, sifa yake mbegu zinaendelea kutoka kawaida kwa wengi, ila kasi ya mkojo haifikii ya TURP na wapo wanaorudia tena. Tezi ikiwa kubwa sana mara nyingi hazifai.

Nyota moja nimekata, hospitali hawakumwambia mzee kwamba baada ya TURP mbegu huwa zinarudi kwenye kibofu, kaja kushtukia nyumbani, na bi mkubwa ndo akanipigia simu mimi😅