Transfoma ya 1:40 niliyouziwa Dodoma kwa ajili ya Denon DL-103

Katriji yenyewe, yaani kile kichwa kidogo chenye sindano kinachosoma santuri, sina neno baya juu yake. Denon DL-103 inatengenezwa Japani tangu miaka ya 1960, ilikusudiwa vituo vya utangazaji, na ukiweka santuri ya Afro 70 ya Patrick Balisidya, mtoto wa Dodoma, unasikia mpaka kidole cha mpiga gitaa kinapoachia waya. Malalamiko yangu yanahusu duka moja la katikati ya mji lililoniuzia transfoma ya katriji hiyo, na zaidi yanahusu jibu nililopewa niliporudi kueleza kwamba mambo hayaendi.

DL-103 ni katriji ya koili inayotembea, yaani sindano hutikisa koili ndogo ya waya badala ya sumaku. Hutoa takriban milivolti 0.3, kiasi kidogo mno kwa amplifaya iliyoundwa kupokea katriji za sumaku inayotembea, na ndiyo sababu huwekwa transfoma ndogo katikati ili kupandisha volti. Muuzaji alinichagulia ya 1:40, yaani inayopandisha volti mara arobaini, akanihakikishia kwamba namba ikiwa kubwa na sauti huwa kubwa. Nilipoiunga nyumbani, sauti kweli ilikuwa kubwa, lakini besi ilivimba, matoazi yalififia, na mwimbaji alisikika kana kwamba amefunikwa blanketi.

Nikarudi dukani. Kijana yule, ambaye ningeweza kumzaa, hakunipa hata shikamoo. Aliendelea kubonyeza simu nilipokuwa nikieleza, kisha akasema bila kuinua macho: “Mama, mashine ni nzima. Masikio nayo yana umri wake.” Wateja waliokuwa wakichagua spika wakacheka. Neno hilo halijanitoka moyoni hadi leo, na sioni sababu ya kulisahau.

Hesabu ya jambo hili haihitaji masikio ya mtu yeyote. Ukinzani wa amplifaya, omu 47,000, hugawanywa kwa mraba wa uwiano wa transfoma; kwa 1:40 unagawa kwa 1,600, katriji inabaki na mzigo wa omu 29 hivi, ilhali koili yake yenyewe ina omu 40. Zaidi ya nusu ya volti hupotelea ndani ya katriji kabla ya kufika kwenye transfoma, na amplifaya hupata karibu milivolti 5.1. Kwa transfoma ya 1:20 ingepata karibu 4.5. Uwiano umezidishwa mara mbili, faida ni kiduchu, na katriji imekabwa koo. Simaanishi kwamba transfoma ya 1:40 ni mbovu, kwa kuwa inazifaa vizuri katriji zenye ukinzani wa omu chache tu, kama Ortofon SPU. Lakini anayeuza vifaa hivi kwa bei ile anapaswa kuijua tofauti hiyo, na kama haijui, basi walau asimtukane mteja.

Siku hiyohiyo alitaka pia kuniuzia mkono mwepesi wa kushikilia katriji juu ya santuri badala ya mkono wangu wa umbo la S, ambao aliuita chuma chakavu. Sindano ya DL-103 ni ngumu kunesa, hivyo hudai mkono mzito ili mtikisiko wa asili wa mkono na katriji uangukie kati ya hezi 8 na 12, chini ya muziki na juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda, nazo santuri zilizopindwa na joto hapa kwetu ni nyingi. Mkono mwepesi ungeusogeza mtikisiko huo kuelekea kwenye besi. Nilikataa.

Haki isemwe: fundi wa meza ya nyuma alinisikia, akaja, akaniamkia, akasikiliza hadi mwisho, kisha akanibadilishia kwa transfoma ya 1:10. Alinielekeza niiweke mbali na umeme wa amplifaya, niigeuze taratibu mpaka mvumo upotee, na nifunge vizuri waya wa ethi. Katriji sasa inaona omu 470, amplifaya inapata karibu milivolti 2.8, na ingawa inanibidi kuongeza sauti kidogo, matoazi yamerudi, gitaa la pili limejitenga na la kwanza, na maneno ya mwimbaji yanasikika yote. Nilifurahi mno, na kwa ajili ya fundi huyo nilikuwa tayari kuandika kwamba nendeni, ila mumuulizie yeye.

Lakini transfoma ya 1:10 bei yake ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na nilipodai tofauti, muuzaji alininyooshea kidole kwenye kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo ushauri huo naufuta. Msiende, hata kwa ajili ya fundi, mpaka fedha yangu irudishwe na kijana yule aniombe radhi mbele ya wateja, kama alivyonidhalilisha mbele yao. Fundi akifungua karakana yake mwenyewe, kazi zangu zote nitampelekea yeye.