Jua lilizama baharini Kigamboni: uzoefu wangu na picha za 3D za kuuzia apatimenti

Mimi na kaka zangu wawili tulirithi kiwanja Mjimwema, Kigamboni. Badala ya kukikata vipande vitatu tukaamua kusimamisha jengo moja la apatimenti nane, mbili kila sakafu. Hela yetu iliishia kwenye msingi na nguzo. Iliyobaki ilibidi itoke kwa wateja watakaotoa kianzio kabla hawajaona ukuta, na mtu ukimpeleka kuangalia nondo zimechomoza kwenye zege hatoi hata shilingi. Anataka picha. Kwa hiyo nimeagiza picha za 3D, zile zinazochorwa kwenye kompyuta jengo likaonekana kama limeshakamilika, mara mbili, kwa watu wawili tofauti.

Wa kwanza nilimpata Instagram. Laki tatu na nusu kwa picha nne, siku tatu. Nilimtumia ramani kwa WhatsApp na hakuniuliza swali hata moja, jambo ambalo wakati ule niliona ni dalili ya ufundi. Picha zilipokuja nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Jengo linameta, mbele kuna bwawa la kuogelea, gari mbili za bei mbaya, Mzungu anatembeza mbwa, na nyuma yake jua linazama baharini, anga lote la dhahabu. Kaka mkubwa akazitupia kwenye status jioni ileile. Kufikia asubuhi simu ilikuwa haipoi.

Mteja wa kwanza kufika alikuwa mzee, baharia mstaafu, alivuka na pantoni kutoka Magogoni. Nikamwamkia, nikampa picha iliyochapishwa. Akaiangalia, akageuka akaangalia bahari, akairudia picha.

"Mwanangu, hili jua la wapi? Hapa linatokea baharini. Kuzama, linazamia kule Mbagala."

Tukacheka wote. Halafu akauliza: "Na bwawa?" Bwawa halikuwemo kwenye ramani, kijana alijiongezea tu. Mzee akanirudishia karatasi taratibu, akauliza kama hati ya kiwanja ninayo pale au nayo iko kwenye kompyuta. Hakurudi tena.

Wiki iliyofuata wakaja mke na mume, wao walibeba tepu. Kwenye picha ya chumba kikuu kulikuwa na kitanda, kabati la milango minne, kochi la kujinyoosha na bado nafasi ya kuchezea watoto. Chumba chenyewe kwenye ramani ni mita 3 kwa 3.2. Yule dada akachora kitanda cha sita kwa sita kwa chaki, palepale kwenye zege: ukikiweka katikati, kila upande inabaki kama sentimita 58. Kabati ukiliweka, mlango wake haufunguki. Baadaye ndiyo nikaelewa kilichofanyika: kitanda cha kwenye picha kilipunguzwa kikawa kama cha mtoto, na kamera ikawekewa lenzi pana ambayo kuta zote zinakimbilia mbali. Ukiona picha ya chumba inayoonyesha kuta tatu na dari yote kwa mkupuo mmoja, jua hapo mpigaji amesimama nje ya ukuta wa nne.

Wa pili alikuwa binti aliyesomea usanifu majengo. Aliniambia milioni moja na laki nane kwa picha sita, na kaka mdogo akataka kumfukuza. Mimi nilimpa kazi kwa sababu ya maswali yake. Simtanki litakaa wapi? Mashine za AC zinaning'inia upande gani? Madirisha yana nondo? Nguo zitaanikwa wapi? Nusu ya hayo tulikuwa hatujayaamua, na fundi alikuwa karibu kufika huko.

Akaja kiwanjani mwenyewe. Droni inataka kibali, akaona usumbufu; akapanda mnara wa tenki la jirani na kupiga picha za eneo kwa simu. Kisha akajenga jengo letu kwenye SketchUp, programu ya kuchorea majengo kwa kompyuta, akanitumia kwanza picha nyeupe tupu zisizo na rangi ili tukubaliane umbo na vipimo. Hii hatua naipenda kuliko zote, maana hapo kubadilisha kitu ni dakika chache. Ukisubiri mpaka rangi na taa ziingie, kila marekebisho ni hela. Kwenye Lumion, programu ya kutia rangi na mwanga kwenye mchoro, aliweka jua kufuata mahali tulipo na majira. Mwezi wa sita jua la mchana huku kwetu liko upande wa kaskazini, la Desemba linahamia kusini, na saa kumi jioni linapiga ukuta wa magharibi bila huruma. Tukaona kwa macho yetu vibaraza vya upande huo vinaungua. Tukaongeza vizuizi vya jua kabla ya kumwaga zege. Hiyo peke yake ilirudisha hela yake.

Ugomvi ulikuja kwenye picha kuu. Alilipandikiza jengo ndani ya picha halisi ya mtaa: barabara ya vumbi, uzio wa mabati wa jirani, mwembe wake, bodaboda mbili chini ya mwembe. Kaka mkubwa alisema nawafukuza wateja. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukaitangaza hivyohivyo ilivyo, na pembeni tukaandika kwa herufi zinazosomeka: fanicha hazimo kwenye bei.

Simu zilikuwa chache kuliko mara ya kwanza, sitaficha. Lakini waliokuja walikuwa wanajua wanakuja wapi. Wanauliza tozo ya daraja, wanauliza maji ya kisima, wanauliza kama kila apatimenti itapata hati yake (sheria inaruhusu tangu 2008). Apatimenti sita zimeshatolewa kianzio. Na picha iliyoombwa zaidi siyo ya mbele. Ni ya uani, yenye simtanki, kamba za nguo na mlango wa jiko. Akina mama wanaikuza kwa vidole viwili.

Kitu kimoja sikushauri kulipia: video ya kupaa juu ya jengo. Laki sita, sekunde 90, wengi walikuwa wananiambia "nitaiangalia nikipata bando." Picha za kawaida nazo usizitume WhatsApp kama picha, zinapondwa hadi ukuta unaonekana wa udongo, zitume kama dokumenti.

Huyu wa pili nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya minazi. Aliweka sita kwenye uzio, mirefu, imejaa madafu. Tulipanda sita kweli, kama picha inavyosema, na inanifika kiunoni. Juzi mteja mmoja alisimama katikati yake, picha mkononi, akauliza kama kivuli nacho kinauzwa kwa awamu.