Geji ya Presha ya Mafuta kwa Corolla ya Zamani

Geji hii ya kupima presha ya petroli niliinunua Gerezani, Kariakoo, baada ya Corolla yangu ya mwaka 1996, yenye injini ya 4A-FE, kuanza kukosa nguvu kila inapopanda mlima, ilhali ikiwa silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, inanguruma vizuri kabisa. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha plagi zote nne bila kupima chochote, na tatizo likabaki palepale.

Injini hiyo inatakiwa kuonyesha takriban psi (kipimo cha presha) 38 hadi 44 mpira mwembamba wa vakyumu unapochomolewa kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Geji ilisoma 39 gari likiwa limetulia, lakini nilipokanyaga mafuta mshale ulishuka taratibu hadi 24 na kubaki hapo ukitetemeka. Ndipo nilipoelewa kwamba mafuta yapo, ila hayapiti kwa wingi unaohitajika. Filta niliyoitoa ilimwaga petroli nyeusi yenye chembe za kutu upande wa kuingilia. Nilipofunga mpya, mshale haukushuka tena. Pampu, ambayo nilikuwa karibu kuibadilisha kwa kubahatisha, ilikuwa nzima.

Nisichokipenda ni washa za shaba (pete za kuzibia maungio) zinazokuja na geji hii, kwani ni nyembamba mno na zilivujisha petroli mara ya kwanza. Nunua nyingine, na kabla ya kufungua bomba lolote chomoa soketi ya pampu, uwashe injini hadi izime yenyewe, kisha uiache ipoe kabisa. Kwa mwenye gari la umri huu, naipendekeza bila kusita.