Shule ya bweni ya kulipia au ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ya mtaani?

Mi nimesoma zote mbili hapa Kampala. Bweni kila wiki wanabandika majina ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, wote mnakimbiza agrigeti (jumla ya alama) 4 ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaani 1, alama ya juu kabisa, kwa kila somo katika yale manne, sasa mi nikipata 9, ambayo bado ni divisheni 1, daraja la juu kabisa jamani, najiona mjinga kabisa na mkono sinyooshi tena. UPE, ile ya bure tangu 1997, darasa limejaa hadi dirishani na mwalimu hakujui jina. Ila huko nilikuwa wa tatu, wenzangu wananiletea daftari chini ya mwembe niwaeleze hesabu za sehemu, banange nikajiona profesa! Nusu ya hizo hesabu niliwafundisha vibaya.