Umeme ukikatika tu, DNS inakufa: uzoefu wangu na fayawoli hii ya nyumbani

Kampuni siitaji, lakini wenye kisanduku hiki cha kulinda mtandao wa nyumbani watakitambua kwa ugonjwa wake. Nimekaa nacho muda mrefu, na muda mwingi nilikuwa nakisifia kwa yeyote aliyeniuliza. Kinachuja matangazo vizuri, hakipunguzi kasi, na kuzitenga kamera zisionane na kompyuta zangu ni kazi ndogo mno. Kwa hayo peke yake ningekipa nyota nne bila kusita.

Halafu siku moja umeme ukakatika.

Uliporudi, taa zote za kisanduku zilikuwa za kijani. Waifai ipo, simu zimeshika, lakini hakuna tovuti hata moja inayofunguka. Nikapiga pingi 8.8.8.8, seva ya Google, kuona kama laini inapita, na majibu yakaja mfululizo. Nikaandika jina la tovuti, kimya. Laini basi ilikuwa nzima, na kilichokufa ni DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Kompyuta moja nikaiwekea 9.9.9.9, seva ya DNS ya nje, kwa mkono ili isiiulize fayawoli, na kila tovuti ikafunguka papo hapo. Kosa lilikuwa ndani ya kisanduku, hakuna ubishi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja na ushahidi wote huo. "Mpendwa mteja, tafadhali zima kifaa, subiri kidogo, kisha washa." Nikazima, nikawasha. Hola. "Tafadhali rudia." Nikarudia. Kisha wakaniambia tatizo liko kwa mtoa huduma wangu wa intaneti. Nikamjibu: ndugu yangu, nimekutumia matokeo yanayoonyesha laini ni nzima, umeyasoma? Hilo hakulijibu. Akanibandikia tena aya ileile ya kuzima na kuwasha, neno kwa neno.

Nikaamua kuutafuta ugonjwa mwenyewe. Nilikiuliza kisanduku jina moja kwa dig, programu ya kuiuliza DNS, kikajibu SERVFAIL, yaani nimeshindwa. Nikaongeza +cd, yaani nipe jibu bila kuhakiki saini, na jibu likaja safi. Hapo picha ikawa wazi. Majibu yalikuwa yanafika vizuri kabisa, ila kisanduku chenyewe kilikuwa kinayakataa, na kinachokataa ni uhakiki wa DNSSEC, yaani saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu la DNS halikughushiwa. Kila saini ya DNSSEC ina muda wake wa kuanza na wa kuisha. Nikafungua ukurasa wa hali ya kifaa, na chini kabisa pembeni, kwa maandishi madogo ya kijivu, nikaikuta tarehe: 1 Januari 1970.

Kisanduku hakina betri ya saa! Kikikosa umeme kinarudi kwenye tarehe ile ambayo mifumo mingi ya kompyuta huanzia kuhesabu muda. Mzizi wenyewe wa DNS, ngazi yake ya juu kabisa, ulianza kusainiwa rasmi mwaka 2010, kwa hiyo kwa kisanduku kila saini inayofika ni ya siku ambazo bado hazijafika, na zote kinazitupa. Hata majina yasiyosainiwa hayaponi, kwa kuwa uthibitisho kwamba hayana saini nao husainiwa. Ili saa ikae sawa, lazima kiiulize seva ya saa. Seva hiyo imeandikwa kwa jina. Jina linahitaji DNS, na DNS inasubiri saa. Wamefunga mlango na kuuacha ufunguo ndani.

Sasa urudie kusoma ushauri wao. Zima, washa. Kila nilipowatii, saa ilirudi 1970. Walikuwa wanaliita tatizo upya kwa mikono yangu, halafu wananilaumu kwamba mtandao wangu ni mbovu.

Baadaye wakanitaka nirejeshe mipangilio ya kiwandani. Zikafutika sheria zote za kamera, anwani nilizozigawa kifaa kwa kifaa, orodha za kuzuia matangazo, kila kitu. Kikafanya kazi. "Kama tulivyokueleza," akaandika mhudumu, na tiketi akaifunga. Hawakuwa wametibu chochote: kikitoka kiwandani, kisanduku hiki DNSSEC yake imezimwa. Nikaiwasha, ikakubali, kwa sababu saa ilikuwa imeshajirekebisha. Nikachomoa plagi makusudi na kuirudisha. 1970, kimya. Nikawatumia picha ya skrini. Jibu likaja: tiketi imefungwa, na kama sijaridhika nizime DNSSEC.

Hapo ndipo nilipowaka. Kifaa kinauzwa kwa jina la usalama, halafu dawa wanayonipa ni kuuzima usalama? Mwaka 2008 Dan Kaminsky, mtafiti wa usalama wa kompyuta, aliionyesha dunia jinsi majibu ya uongo yanavyoweza kupenyezwa kwenye DNS, mtu akaandika jina la benki yake akapelekwa kwa mwizi. Saini hizi ndizo kinga ya kweli dhidi ya ujanja huo. Na wasiniambie kwamba betri ni gharama. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 nazo hazina saa inayodumu umeme ukikatika, na watu wanazitumia kwa DNS bila matatizo. Programu ya dnsmasq, inayojibu maswali ya DNS, ina kipengele kiitwacho dnssec-no-timecheck, kinachoacha kuangalia tarehe za saini mpaka saa ihakikishwe. Hilo limefikiriwa na kutatuliwa zamani, wazi, bure. Hawa hawakujishughulisha.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka kutoa nyota tatu, kwa kuwa kama chombo si kibaya, na sitaki kumvunjia haki aliyekiunda. Lakini nikiukumbuka ule mstari wa "kama tulivyokueleza", siwezi. Nyota moja. Anayejua kutumia dig na mwenye uvumilivu anaweza bado kukinunua akafurahi. Anayetegemea kusaidiwa na mtu, asikiguse.

Kwa mliokwisha kukinunua: ingieni ukurasa wa saa, futeni jina la seva, wekeni namba 162.159.200.1, ambayo ni seva ya saa ya Cloudflare. Namba haihitaji DNS, kwa hiyo saa inajirekebisha kwanza, ndipo saini zinakubalika. Kisha chomoeni plagi wenyewe mkiwa mmetulia, muirudishe, mkiitazama ile tarehe ya kijivu pale chini. Kwangu inakaa sawa mara tu intaneti inaporudi, DNSSEC ikiwa imewashwa. Ni mstari mmoja tu wa mipangilio, na wangeweza kuuandika wao kabla kisanduku hakijatoka kiwandani.