Kliniki ya tumbo, Dar es Salaam: nyota nne kati ya tano

Daktari yuko vizuri. Mimi ni dereva wa lori, kutwa nimekaa, na damu nyekundu kwenye tishu kijiweni waliniambia ni bawasiri tu. Yeye hakubahatisha. Aliuliza kama nimepungua uzito, kama choo kimebadilika, kama kuna ndugu aliyeugua saratani ya utumbo mpana, ndipo akavaa glovu akanipima. Bawasiri kweli. Ila akasisitiza: choo cheusi kama lami, damu nyingi au kizunguzungu, hospitali hapo hapo, usingoje asubuhi. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, kumbe!) Nyota moja nimeikata kwa sababu ya yule wa mapokezi: alinitajia ugonjwa kwa sauti, foleni nzima ikageuka.